Nilibwaga Viatu Bagamoyo

"Simama, mzee! Wewe simama tu!"

Kijana aliyasema hayo mara nyingi, nami kila mara nilimjibu kwa kelele zangu, kila mmoja wetu akiamini mwenzake ndiye asiyeelewa. Nilikuwa nimekumbatia mlingoti wa mashua isiyo yangu, nimevaa sweta la sufu, miguu mitupu, Bahari ya Hindi imenizunguka pande zote, na nilikuwa naiaga dunia kwa sauti. Yeye alikuwa hatua kama ishirini kutoka kwangu, amesimama. Neno hilo peke yake lingetosha kunifungua akili, maana mtu hasimami juu ya kilindi. Lakini woga haujui hesabu. Mwishowe akaja taratibu, kama mtu anayekwenda kumtoa mbuzi kwenye mahindi ya jirani, akanishika mkono, akaniteremsha. Nyayo zangu zikagusa mchanga. Maji yalinifika mapajani.

Ufukweni walikuwapo wanafunzi kama arobaini wa shule ya msingi, wamekuja na madaftari kujifunza historia ya nchi yao. Wakapiga makofi.

Leo ni siku ya tisa. Nimerudi Mbulu, nimeketi karibu na moto, suruali imekwisha kukauka. Makofi bado nayasikia.

Kosa la kwanza lilikuwa kutaka kuikimbia baridi. Anayeijua Mbulu ya Juni na Julai haniulizi kwa nini. Ukungu huingia ndani bila kupiga hodi, ng'ombe hukataa kutoka zizini mpaka jua liwaombe radhi, na mtu akikuamkia unauona mvuke wa shikamoo kabla hujaisikia yenyewe. Kule Hanang mlima unajifunika mawingu kuanzia kileleni, zaidi ya mita 3,400 juu, hadi kifuani, na sisi tulio upande huu tunajifunika mablanketi kuanzia kichwani hadi mahali blanketi litakapokomea. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba Wazungu, baridi yao ikifika, hupanda ndege kulifuata jua baharini, na huko wanakokwenda huitwa watalii. Nikasema, mwaka huu na mimi nitakuwa mtalii.

Ugumu ni kwamba kwetu hakuna mtu anayekwenda pwani kutembea tu. Mmbulu akibeba begi kuelekea upande wa Dar es Salaam, ana mgonjwa Muhimbili, ana kesi, au ana mtoto aliyeacha kupokea simu. Jirani yangu aliponiona na begi aliuliza kwa sauti ya chini, "Nani amelazwa?" Nikamwambia hakuna aliyelazwa, nakwenda Bagamoyo kupumzika. Akanitazama kama unavyomtazama mtu anayeficha msiba, akatoa shilingi elfu tano, akanikunjia kiganjani: "Mpe pole mgonjwa." Nilizikataa mara mbili. Mara ya tatu nikazipokea, kwa kuwa kukataa mara tatu ni dharau.

Basi liliondoka saa kumi alfajiri, tukapita Karatu, Arusha, Moshi, tukayamaliza mashamba ya mkonge ya Korogwe, nikashuka Msata giza limeshaingia, nikadandia Kosta hadi Bagamoyo. Mwezi ulikuwa mpevu kabisa, mviringo kama sinia. Niliusifu sana. Sikujua kwamba nasifu mwenye kesi nami.

Mkulima hata akilala hoteli huamka saa ya kukamua. Saa kumi na moja nilifungua dirisha, na bahari ilikuwa pale pale, inapumua chini ya ukuta, imejaa hadi pomoni, inang'aa. Nikamshukuru Mungu, nikarudi kitandani, nikaamka tena, nikanywa chai kwa vitumbua, nikatoka nje saa nne kuiangalia bahari yangu.

Haikuwepo.

Sisemi ilikuwa imepungua. Nasema haikuwepo. Pale nilipoyaacha maji palikuwa na mchanga wenye mikunjo kama shuka lisilopigwa pasi, kaa wadogo wanakimbizana, na mashua zimelala ubavu kama ng'ombe wanaocheua. Mbali sana, mamia ya hatua, kulikuwa na mstari mwembamba wa buluu ambao kwa heshima ningeweza kuuita bahari. Nikamkimbilia mhudumu wa hoteli. "Dada, maji yamekuwaje?" Akanijibu bila kuinua macho kwenye simu yake: "Yamekupwa."

Mimi nikasikia "yamekufa." Nikampa pole.

Na msomaji asinicheke mapema, maana maji yanayokufa mimi nayajua. Chini ya mlima Hanang liko Ziwa Balangida, ziwa la magadi na chumvi. Mwaka wa ukame hujiondokea kidogo kidogo, likaacha ganda jeupe ambalo watu hulichota, na ng'ombe hulilamba kama watoto na sukari. Lakini Balangida ni ziwa la kistaarabu. Likiondoka hutoa taarifa ya miezi, na likirudi hurudi na mvua, kila mtu akiwa ameshahamisha vitu vyake. Nikapiga hesabu ya kibalangida: kama bahari imekufa Julai, basi tuna nafasi hadi vuli, pengine hadi masika. Nikakunja suruali nikaifuata.

Nilitembea kama robo saa. Jua lilikuwa la kiungwana, upepo wa kusi unapuliza, nami sikuwa nimevua sweta tangu Mbulu. Nilikuwa nimelizoea kama ngozi. Nikafika kwenye mashua moja ya buluu iliyolala ubavu kwa namna ya kukaribisha. Nikapiga hodi. Hakuna aliyejibu. Ndani kulikuwa na tanga limekunjwa, nono kama godoro, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye basi siku nzima, goti langu likiwa limeshika cheo cha mkono wa kiti. Nikaamua kupumzika kidogo.

Hapa naomba nieleweke kuhusu viatu. Ni viatu vya ngozi nyeusi, nilivinunua kwa ajili ya harusi ya kijana wangu, na vilikuwa na mchanga. Chombo cha mtu ni nyumba ya mtu. Sisi tuliolelewa vizuri hatuingii nyumba ya mtu na matope. Nikavivua, nikaviweka nje, chini ya kivuli cha mashua, visigino vimeshikamana, ncha zimeelekea mlangoni, kama inavyotakiwa. Ndani ya kimoja nikaweka soksi. Kisha nikapanda, nikalala, nikaota nipo kwenye basi.

Niliendelea kuota nipo kwenye basi kwa muda mrefu, na sababu ninaijua sasa: kitanda kilikuwa kinayumba. Dereva alipokata kona kubwa kuliko zote nikafungua macho, na juu yangu palikuwa na mlingoti uliosimama wima. Nilipolala ulikuwa umeinama. Nikainuka kuangalia nje kwa ajili ya kuuliza tumefika wapi, na tulikuwa tumefika baharini.

Hapo ndipo nilipoanza kulia kwa lugha ya mama. Kiswahili ni lugha yangu ya shule, ya soko na ya kanisa. Sijawahi kufundishwa kufa kwa Kiswahili. Nikaita kwa Kiiraqw wote ninaowajua, walio hai na waliotangulia, kwa zile sauti zetu zinazotoka kooni na pembeni mwa ulimi, ambazo mtu wa pwani akizisikia hudhani mfupa wa samaki umekwama. Na hii ndiyo sababu, nilivyokuja kuelezwa baadaye, mtu wa kwanza kuniona hakusema "Kuna mtu anazama." Alisema, "Kuna Mhabeshi kwenye mashua."

Pwani ile imezoea kusikia habari za vijana wa Ethiopia wanaopitishwa kwa siri kuelekea kusini mwa Afrika, hivyo mtu mrefu, mwenye pua ya kwetu, anayelia kwa lugha isiyojulikana ndani ya chombo, alikuwa jambo linaloeleweka kabisa. Mtu mmoja alikwenda kumwita mgambo. Vijana wawili waliingia majini kunifuata. Na nyuma yao, akitembea kama mwenye chombo, akaja nahodha, mzee mfupi mwenye balaghashia iliyofifia na msuli uliokunjwa magotini.

Nilipokwisha kuteremshwa nikasimama mbele yake, maji mapajani, suruali imenikumbatia, wanafunzi wanapiga makofi. Sikuwa na neno. Nikafanya kitu pekee nilichofundishwa kumfanyia mtu mzima.

"Shikamoo, mzee."

Akanitazama kuanzia sweta hadi pale maji yalipoanzia.

"Marahaba, baba," akasema. Kisha akamgeukia yule aliyekwenda kuita mgambo. "Huyu si Mhabeshi. Mhabeshi atatoa wapi adabu ya Kiswahili ndani ya maji? Huyu ni mtu wa bara."

Nilimshukuru. Baadaye, nikiwa peke yangu, ndipo nilipogundua kwamba sijui kama nimetetewa au nimehukumiwa.

"Na viatu vyangu?" nikauliza.

"Uliviacha wapi?"

"Nje."

Mzee akayaangalia maji yaliyokuwa yanapita mahali palipokuwa nje, asijibu haraka, kwa huruma.

Alinipeleka chini ya mwembe, akanipa kahawa chungu na kipande cha kashata, na kwa kuwa sikuwa na viatu vya kuondokea, nikamuuliza maswali. Nakiri nilimuuliza mengi kuliko alivyopenda kujibu. Lakini elimu niliyoipata pale ni kubwa kuliko viatu, nami siwezi kuinyamazia.

Bahari hupwa na kujaa mara mbili kila siku. Hilo watoto wa pwani huzaliwa nalo. Lakini haifanyi hivyo kwa saa ya ukutani, inafanya kwa saa ya mwezi, na mwezi ni mchelewaji mwenye nidhamu: kila siku huchelewa dakika kama 50. Basi maji yakijaa leo saa kumi jioni, kesho yatajaa karibu saa kumi na moja kasorobo na kidogo, keshokutwa yanakaribia saa kumi na mbili. Kati ya kujaa kumoja na kwingine ni saa 12 na dakika kama 25, na katikati ya hapo ndipo yanapokupwa. Mzee hana jedwali wala simu ya kumwambia hayo. Anatazama mwezi una siku ngapi, anazungusha kidole hewani kidogo, anakutajia saa.

Kanuni yake ya kwanza inaweza kuandikwa kwenye kiganja: pwani hiyo, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa kwenye saa kumi na hupwa kwenye saa nne, mchana hali kadhalika usiku. Siku saba baadaye mambo yamegeuka, saa kumi ndiyo imekuwa ya kupwa. Kwa hiyo mimi, niliyefika usiku wa mwezi mpevu, nikaiona bahari dirishani saa kumi na moja alfajiri na kuikosa saa nne, nilikuwa nimeandikiwa barua iliyo wazi kabisa. Sikujua tu kusoma.

Ya pili ndiyo iliyoniumiza. Kupwa hakulingani. Kuna siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ambapo bahari husogea kidogo kivivu, mtu angeacha viatu vyake na kuvikuta vimelowa ncha. Na kuna siku za bamvua, mwezi mpevu au mwezi mwandamo, ambapo huondoka yote na kurudi yote. Bamvua ya pwani yetu hupandisha maji zaidi ya mita 3. Kwetu mita 3 ni kimo cha matuta machache ya shamba la mteremko, kitu cha kupanda huku unaongea. Lakini ufukwe wa Bagamoyo umelala kama mkeka. Ukiwa na mteremko mdogo namna ile, mita 3 za kwenda juu ni mamia ya hatua za kwenda mbele, na maji huja kimya kimya, hayaji kwa wimbi kama kwenye sinema. Yanapanda kama uji unaochemka, ukigeuka tu yameshafika.

Nilipofika nyumbani nilimpigia simu kijana wangu, yule wa harusi, ambaye anafundisha fizikia sekondari, anieleze kwa nini mara mbili. Kama mwezi ndio unaovuta, ungevuta upande mmoja tu, mara moja kwa siku. Akafurahi mno, maana miaka yote sikuwahi kumuuliza kitu cha kazini kwake. Akasema mwezi huvuta maji yaliyo upande wake kwa nguvu kidogo kuliko unavyoivuta dunia yenyewe, na huivuta dunia kwa nguvu kidogo kuliko maji yaliyo upande wa nyuma. Basi ya mbele yanatangulia, ya nyuma yanabaki, bahari inatuna pande mbili, na dunia inajizungusha ndani ya uvimbe huo, kila nchi ikipita kwenye uvimbe mmoja, kisha kwenye wa pili. Jua nalo huvuta, nguvu yake katika kazi hii ikiwa haifiki nusu ya ile ya mwezi. Mwezi na jua vikijipanga kwenye mstari mmoja, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, vinashirikiana: bamvua. Vikivuta kwa pembe, vinapunguzana: maji mafu. "Na maziwa?" nikamuuliza. Akasema hata Ziwa Victoria na ukubwa wake wote kupwa kwake hakuonekani kwa macho. Nikaridhika. Sikuwa mjinga, nilikuwa mtu wa maziwa.

Kilichobaki kuniudhi ni lugha. Nimelisema neno "pwani" maisha yangu yote. Nimelijibia mtihani. Sikuwahi kulisikiliza. Pwani ni pale panapokupwa. Kitendo chenyewe kimekaa humo humo ndani ya jina, kimeandikwa kwenye ramani zote na vibao vyote vya mabasi, hata mkoa mzima umepewa jina hilo. Nchi nzima ilikuwa inanionya tangu darasa la kwanza.

Viatu vya plastiki nilivinunua kwa elfu kumi na mbili kwa mchuuzi aliyeona nipo peku na akajua hesabu zake. Nikavaa, nikaenda kuona historia.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sikulicheka wala leo silicheki. Kwenye mlango mmoja, ambao sitautaja, kulikuwa na bei mbili: ya raia na ya mgeni. Nikatoa pesa ya raia. Kijana wa mlangoni akanitazama usoni, akatazama nywele, akasema kwa Kiingereza kwamba bei yangu ni ile nyingine. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba mimi Mtanzania. Akasema hata Wasomali wanaongea Kiswahili. Akaomba kitambulisho. Mimi nina namba ya kitambulisho, kadi yenyewe sina mkononi, na mkoba wenye karatasi ya namba ulikuwa umeanikwa hotelini unakauka. Nikamwambia natoka Mbulu. Akauliza iko wapi. Nikasema Manyara.

"Manyara si hifadhi ya wanyama?"

Nikamwambia ndiyo, na watu tupo pia. Nikamtajia wilaya: Babati, Hanang, Mbulu, Simanjiro, Kiteto. Nikamwambia mkoa ulizaliwa mwaka 2002 kutoka Arusha, nilikuwepo. Watu nyuma yangu kwenye foleni wakaanza kuguna. Kilichoniokoa ni kwamba nilikasirika, na inaonekana hasira yangu ni ya Kitanzania, nilisema "sasa mimi nifanyeje, nijichane?" na yeye akacheka, akanikatia tiketi ya raia kama anayenifadhili.

Ni kweli kwamba Kiiraqw ni lugha ya Kikushi, ndugu wa mbali wa Kisomali na Kioromo, na babu zetu walishuka kutoka kaskazini. Kama kijana yule alikuwa anadai ushuru wa mpaka, amechelewa miaka elfu kadhaa. Lakini nilipoingia ndani na kusoma maelezo ukutani, kicheko kilinikauka. Huo mji wote umejengwa na watu wa bara. Pembe za ndovu zilizoutajirisha zilitoka bara, kwa mabega ya wapagazi, Wanyamwezi na wengine wengi, kila mmoja na mzigo wake, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Ujiji, zikaishia kuwa vibonyezo vya piano Ulaya na Marekani. Watumwa waliotembezwa hadi pale walitoka bara. Mwaka 1874, tarehe 24 Februari, ulipofika mwili wa Livingstone, ulikuwa umebebwa na wabebaji wake, kina Chuma na Susi, kwa zaidi ya miezi minane kutoka Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Mwili ulikwenda kuzikwa Westminster kwa heshima, na wengi wa wabebaji wakabaki kutafuta mzigo mwingine. Wanasema jina la mji ni "bwaga moyo". Wengine husema ni mpagazi aliyefika salama akashusha roho, wengine ni mtumwa aliyekata tamaa akauacha moyo wake ufukweni. Vyovyote vile, mwenye moyo huo alikuwa mtu wa bara. Na huyo huyo, baada ya miaka mia na hamsini, akirudi kuangalia alipoubwaga, anaombwa kitambulisho.

Basi. Nimesema.

Mengine yalikuwa madogo. Mpokezi wa hoteli, akijaribu kuandika jina langu la ukoo, ambalo linaanza na T na L zilizoshikana kama jina la Tlawi, aliandika "Tulia", na kwa siku tatu nilijibu kwa jina la mwanamke. Dereva wa bodaboda aliyenipeleka Kaole alikuwa amevaa jaketi zito na kofia ya masikioni, akilalamika baridi ya mwaka huu haijawahi kutokea; tulikuwa tunatokwa jasho wote wawili. Supu ya pweza niliinywa, na sifa zake nazijua, lakini nililala peke yangu hivyo sina ripoti. Mbu wa Bagamoyo hawahitaji kitambulisho.

Boma la Wajerumani la mwaka 1897 nililiona kwa nje. Kwenye misheni ya Wakatoliki, iliyoanzishwa mwaka 1868 na Mapadre wa Roho Mtakatifu, nilisimama mbele ya mbuyu wao. Hadithi yake ni kwamba mama mmoja wa Kifaransa, Madame Chevalier, alimfunga punda wake pale kwa mnyororo, akausahau, na mbuyu ukakua ukaumeza. Leo kimebaki kipande kifupi tu kinachochungulia kwenye gome. Wengine walipiga picha. Mimi nilimwelewa sana yule mama. Kila anayesahau kitu Bagamoyo, Bagamoyo inakimeza. Tofauti ni kwamba mbuyu ulichukua miaka, bahari ilichukua usingizi mmoja.

Na Kaole ndiko nilikopata faraja. Ni kilomita kama 5 kusini mwa mji, magofu ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi yenye nguzo, yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe. Ilikuwa bandari. Lakini nilipoiuliza bahari iko wapi, nilionyeshwa msitu wa mikoko. Tope lilijaa, mikoko ikaota, vyombo vikashindwa kufika, biashara ikahamia Bagamoyo. Nilisimama pale kwa muda mrefu. Wafanyabiashara wa Kaole, waliozaliwa pwani, waliokuwa wanajua bamvua na maji mafu, walisubiri maji yarudi na hayakurudi. Mimi nilisubiri yasirudi na yakarudi. Hakuna hata mmoja wetu aliyeambiwa.

Asubuhi ya siku ya mwisho nilikwenda tena kwa nahodha. Akazungusha kidole hewani, akasema maji yatakupwa saa tano na nusu. Yakakupwa saa tano na nusu. Tukatembea hadi alipofunga chombo chake, na huko, kwenye mkunjo wa mchanga, kiatu changu cha kushoto kilikuwa kimelala ubavu kama mashua, soksi bado imo ndani, na ndani ya soksi kaa. Cha kulia hatukukiona. "Bahari hairudishi vyote," mzee akasema, "ikirudisha vyote watu hawatamwogopa Mungu." Nilimwachia elfu tano ya kahawa. Zilikuwa zile za mgonjwa.

Nilishuka Mbulu usiku, moshi ukanitoka mdomoni, nikafurahi kuuona. Jirani alikuja asubuhi na blanketi lake begani, akakaa, akaniangalia nilivyokonda, akaona kiatu kimoja kimeanikwa karibu na moto. Hakuuliza kuhusu kiatu. "Mgonjwa anaendeleaje?" akauliza.

"Anaendelea vizuri," nikasema. "Sasa anasimama."

Kwa wenzangu wa bara mtakaotaka kuukimbia ubaridi mwakani, nendeni, msizuiwe na habari zangu. Chukueni vitambulisho, kadi yenyewe kama mmeipata. Majina yenu muyatamke taratibu. Mkifika, kabla ya kuvua viatu, muulizeni mzee yeyote mwezi una siku ngapi. Na ukijikuta umezungukwa na bahari pande zote, kabla hujawaita marehemu wa ukoo mzima, jaribu kwanza kusimama.